Vidole Viwili Juu ya Alama Yangu

Mpendwa Mwalimu Paolo,

Shikamoo. Huku Igurwa kahawa imeiva na sote hatujambo. Natumaini huko Italia goti lako nalo limeacha ubishi.

Nikikukumbuka, naanza na majani. Uwanja wetu wa shule haukuwa na godoro la kuangukia tunaporuka juu, basi ukatutuma mashambani tukazoe majani makavu yaliyotandazwa chini ya migomba. Hukujua kwamba ndiyo yanayotunza unyevu, na kwamba umeivua nguo migomba ya mama yangu. Mama alifika na jembe begani. "Waitu, mwalimu wetu, mwanangu aruke, lakini migomba yangu nayo ijifunike nini?" Ukainama, ukafunga mzigo, ukaubeba kichwani hadi shambani. Tangu siku hiyo tuliazima majani saa tisa na kuyarudisha kabla jua halijazama. Mama alikupenda kwa hilo.

Jioni moja, tukiwa na mizigo kichwani, ulinisimulia ulivyoiwakilisha nchi yako katika kuruka juu, goti likagoma, ukawa kocha, na mwanafunzi wako wa kwanza akaivunja rekodi yako. Nikauliza kama uliona wivu. "Sana," ulisema. "Nilimpa mkono, nikaenda kulia chooni." Nilicheka sana. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na niliamini mimi sina roho ya hivyo.

Mwalimu, ninayo. Sasa mimi ndiye kocha wa shule yetu. Jumamosi iliyopita Asimwe, binti ninayemfundisha, aliomba ufito uwekwe juu kidogo ya alama yangu, ile uliyoichonga kwenye nguzo siku niliporuka juu kuliko wote. Kuupandisha ni kazi yangu. Niliongeza vidole viwili zaidi ya alivyoomba, makusudi, ili auangushe. Naandika hili kwa aibu.

Akavuka. Ufito haukutikisika hata kidogo. Nami, badala ya kununa, nilijikuta nimejitupa kwenye majani pamoja naye, napiga vigelegele mpaka koo likauma. Furaha ile sikuwahi kuipata hata niliporuka mwenyewe. Nilipotulia nikamweleza nilichofanya, nikamwomba radhi. Akapangusa majani magotini, akanitazama.

"Basi mwalimu, ongeza viwili vingine."

Nimeongeza. Baki salama, Mwalimu wangu.

Ni mimi,
Mwalimu wa Asimwe