Kuku Mweupe Kwenye Alizeti

Jumatatu, 4 Agosti
Kuku wamefunguliwa, chai imenywewa, madaftari ya darasa la kwanza yamesahihishwa nusu. Mzigo wangu wa vitabu bado. Nimemuuliza wakala wa basi mara tatu leo, mpaka kanicheka.

Kitabu changu mwenyewe, cha picha. Hadithi ya marehemu mama, aliyotusimulia kwa Kinyiramba tukipiga alizeti: kuku kapotea, watu wakasema kicheche kamla, kumbe kajificha shambani analalia mayai. Siku ya kuvuna katoka na vifaranga. Nataka watoto wa Kiomboi wawe na kitabu chenye shamba lao ndani.

Nimeuza mtamba, ng'ombe ambaye hajazaa bado, ili nichapishe. Baba Neema hakukataa. Alisema tu, "Mtamba alikuwa wetu, mwalimu. Kitabu ni chako." Tangu siku hiyo mume wangu hajamtaja tena mtamba.

Jumatano, 6 Agosti
Maboksi yamefika. Nimefungua la kwanza kwa kisu cha jikoni. Karatasi haing'ai. Nilidhani itang'aa kama ya vitabu vya dukani. Haya, hilo dogo.

Nikafunua. Kuku mweupe pe! Wa kisasa. Upanga mwekundu kichwani, kifua kimejaa, kama wale wa kulelewa bandani kwa pumba na taa. Kila ukurasa yeye.

Nimekaa chini sakafuni. Sikupika.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempigia mchoraji. Kijana wa Dar, hajawahi kufika huku. Kaniamkia vizuri, na kosa si lake. Nilimwandikia "kuku". Rangi sikuandika. Kwetu kuku ni kuku, nani anaanza kueleza? Kwake yeye kuku ndiye huyo mweupe.

Michoro ya penseli alinitumia kwenye simu. Nikajibu sawa mwanangu, endelea. Ya rangi sikuomba. Nakala moja ya kukagua kabla hawajachapa zote, sikuomba. Nilikuwa na haraka zangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekisoma darasani. Kisha Rehema, ambaye mama yake anauza kuku stendi, kanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu halalii mayai. Na shambani angekufa siku ya kwanza."

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, cha uongo. Mtoto kasema kweli, ndiyo maana inauma. Baadaye kaniomba nakala aende nayo nyumbani. Nimempa. Zimejaa chini ya kitanda, nizifanyie nini?

Jumamosi, 16 Agosti
Singida Mjini na boksi moja. Duka la kwanza mwenye duka kapokea vichache kwa mali kauli, vikiuzwa ndiyo nipate changu. Kabla sijatoka mlangoni keshavisukuma nyuma ya madaftari. Duka la pili wakageuza kitabu, wakatafuta namba, ile yenye mistari. Sina. Sikujua kama inatakiwa, na sikuuliza.

Nimejiona mjinga. Miaka yote nafundisha watoto kuuliza maswali.

Nimerudi na boksi karibu zima. Baba Neema kalipokea, kaliingiza ndani. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 19 Agosti
Rehema karudisha kitabu. Kampaka kuku rangi! Mweusi, mabawa ya kahawia, shingo bila manyoya.

"Ni wa kwetu," kasema. "Sasa analalia."

Nilitaka kumkaripia kwa kuchafua kitabu. Badala yake nikakichukua. Nimepitisha kidole juu ya ukurasa. Rangi ya penseli imeshika vizuri. Kwenye karatasi ya kung'aa ingeteleza yote.

Jamani.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimegawa vitabu na penseli za rangi darasa zima. Kelele! Wekundu, wa kijivu, wa madoadoa kama kanga, mmoja wa zambarau ambaye mtoto aliyempaka ameapa yupo kwao. Hakuna wawili waliofanana. Mtoto mmoja kamwacha mweupe, kwao wanafuga wa kisasa. Haki yake.

Nikasoma upya. Kuku alipotoka na vifaranga walipiga makofi. Nimelia kidogo ubaoni, mgongo kwao.

Jumamosi, 30 Agosti
Nimechongesha mhuri wa mpira: "Mpake rangi kuku wa kwenu." Nimegonga vitabu vyote, bega linauma. Gulioni nikaviuza na penseli moja moja. Wazazi waliokuja wakivutwa na watoto ndio walionunua. Boksi la kwanza limeisha, la pili nimelifungua.

Yule wa mali kauli kapiga simu. Mteja aliyesikia habari za darasa letu kaulizia "kile cha kuku wa kupaka". Safari hii kasema ataviweka mbele. Nami nimeanza kuulizia ile namba ya mistari. Maboksi bado ni mengi, lakini sasa naweza kuyaangalia.

Jumapili, 31 Agosti
Kutoka kanisani nimekaa na nakala yangu. Nimempaka kuku wa mama: mwekundu, mkia mweupe. Nikaiacha mezani, nikaenda kuwapa kuku maji.

Niliporudi Baba Neema alikuwa anaweka penseli chini. Kachora mnyama pembeni ya alizeti, wa kahawia, pembe fupi. Miguu mitano, nimehesabu.

Nikamuuliza ni nani huyo.

"Mtamba," kasema. "Naye ana sehemu yake humu."

Kisha kaenda kufunga banda.

Mguu wa tano sijaufuta.