Ukuta Ndani ya Kahawa Mbichi

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Limezunguka! Tunda la kahawa limezunguka kwenye skrini yangu, hapo kazini Ruiru, mchana kweupe, na watu wameona! Si picha bapa ya hadubini. Umbo zima — lina mbele na nyuma — na kuvu imezama ndani yake kama mizizi.

Nilipiga kelele. Mimi, ambaye wananitania eti natembea maabarani kama paka. Macharia, fundi wetu wa slaidi, alikuja mbio akidhani nimepigwa na stima. Akasimama nyuma ya kiti.

"Aiya! Hii si ile nilikata wiki iliyopita?"

Ndiyo hiyo. Yeye hugandisha tunda kwenye nta, analikata kwa mashine vipande vyembamba kushinda karatasi. Tunavipiga picha kimoja kimoja. Halafu programu yangu inavipanga upya, slesi juu ya slesi, mpaka tunda linarudi. Ndiyo maana nimeiita Mkate.

Ile programu ya ng'ambo ambayo Dkt. Nekoye, mtafiti ninayemfanyia kazi, aliiona kwenye mkutano inataka kompyuta kubwa kama kabati. Yangu inakimbia kwenye hii Pentium yetu moja ya mezani. Sawa, haikimbii — inatambaa. Lakini inafika!

Jumanne, 6 Agosti

Nyumbani, mtaani Landless, Mama ameniuliza ninacheka nini peke yangu. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha: "Kwa hivyo unaona ndani bila kupasua?"

"Hapana Mama, tunapasua kwanza. Mimi ndiye narudisha."

"Basi kurudisha ndiko kugumu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Jioni nikamsikia kwenye ua akimwambia Mama Wakonyo wa mlango wa pili kwamba binti yake anajenga kahawa ndani ya kompyuta. Mama Wakonyo anauliza kama naweza kumwangalilia goti. Nimecheka hadi machozi. Lakini ile sauti ya Mama — sijawahi kumsikia akijisifu hivyo.

Alhamisi, 8 Agosti

Habari mbaya. Dkt. Nekoye aliingia, akafunga mlango, akakaa juu ya meza yangu. Huyu mama amepigana na CBD, ule ugonjwa wa kuvu unaoozesha kahawa ikiwa bado mbichi mtini, tangu mimi niko sekondari. Ana aina moja ya miti aliyoizalisha mwenyewe, iko kule shamba la chini. Tunaiita Sabini na Mbili, namba yake tu. Mkurugenzi wetu, Dkt. Wanyoike, ameamua ing'olewe Ijumaa ya tarehe 23. Trekta imeshapangwa.

Sababu: kuvu inaingia kwenye matunda yake kama kwenye matunda mengine yote. Mti hujaribu kujenga ukuta ndani ya tunda uizuie, lakini kwenye slaidi ukuta unaonekana una mapengo kila mahali.

"Lakini matunda yake hayaozi, Ruqayya. Yanapata doa, kisha yanaiva. Kwa nini?" Akaigeukia skrini. "Mkate unaweza kunionyesha huo ukuta wote pamoja?"

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Wallahi mdomo wangu!

Habari imemgusa Macharia pia. Kwao Gatanga mama yake ameng'oa nusu ya kahawa, amechoka kupiga dawa kila mvua ikinyesha. Nusu iliyobaki anangoja aone.

Jumatatu, 12 Agosti

BAKULI!

Ukuta ni bakuli! Nimeupaka rangi nyekundu na kuvu kijani, nikaondoa nyama ya tunda yote, na hapo — bakuli jekundu, kuvu imekaa ndani yake imejikunja, haina pa kwenda. Kwenye slaidi huwezi kuliona. Ukikata bakuli mshazari unapata upinde tu, upande mmoja uko wazi, unadhani ni pengo. Kumbe ni ukingo!

Dkt. Nekoye alitazama likizunguka. Akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena. Kisha akauliza jina langu linaandikwaje kikamilifu, kwa sababu kwenye ripoti litakuwa kando ya lake. Kando! Si chini, kwenye zile shukrani za madereva na karani.

Nimetembea mpaka stendi bila kuhisi baridi.

Jumatano, 14 Agosti

Dkt. Wanyoike alikuja leo kuona. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kuuliza. Aliinama karibu na skrini, mikono nyuma.

"Kati ya slesi moja na nyingine, kompyuta inajuaje kuna nini?"

"Inakadiria, Daktari. Inachukua ya juu na ya chini, inapata ya katikati."

"Na ikikuta pengo dogo?"

"Inalainisha."

"Inalainisha." Akasimama wima. "Kwa hivyo ukuta umejengwa na nani, binti? Mti, ama wewe?"

Akatoka. Nikabaki nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nimemjibu mara kumi kichwani, majibu matamu. Halafu nikafungua ile sehemu ya programu nikaisoma pole pole — na anasema kweli. Niliiandika hivyo ndiyo picha ipendeze. Inaziba matundu bila kuuliza.

Kwa hivyo sijui. Kwa kweli sijui kama bakuli lipo.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimeng'oa kulainisha kote. Sasa slesi zinaonekana kama zilivyo, ngazi-ngazi, mbaya kama mabati ya kuokota. Bakuli lipo! Lakini chini kabisa, kwenye kitako, kuna tundu. Moja. Kubwa la kutosha kuvu kupita.

Macharia akasema, kwa sauti ya chini, nirudishe ile ya kwanza. Ilikuwa safi. Nani atajua?

"Mimi nitajua," nikamwambia. "Na mama yako ataipanda miti hii."

Akaangalia chini. Kisha: "Ni kweli."

Nimeipeleka picha yenye tundu kwa Dkt. Nekoye mwenyewe. Ajabu — siku lile tunda lilipozunguka nilifurahi. Leo nimejiona mkubwa.

Ijumaa, 16 Agosti

Tumetafuta tundu kwenye picha za asili. Mahali pale pale, vipande viwili vimechanika wakati wa kukata. Inawezekana tundu ni la mti. Inawezekana ni la kisu cha mashine. Hakuna wa kusema.

Kwa hivyo upya! Dkt. Nekoye amekwenda kwa mkurugenzi akamwambia achague matunda yeye mwenyewe. Moja la Sabini na Mbili, moja la mti wa kawaida, asituambie lipi ni lipi. Nilidhani atakataa. Akavaa gambuti akashuka shambani peke yake kwenye matope! Akarudi na bahasha mbili, A na B, akasema bakuli likitokea zima miti haing'olewi. Akaongeza sharti: hakuna kulainisha. Nikamwambia hiyo tayari imetoka.

"Umeitoa lini?"

"Jana, Daktari."

Akanitazama kidogo. "Hm," akasema.

Jumatano, 21 Agosti

Macharia anakata. Amepiga marufuku watu kufungua mlango, upepo usije ukapeperusha vipande. Hata kukohoa tunatoka nje. Safari hii nimechoma nta kwa sindano kwenye pembe kabla hajaanza, kwa hivyo kila kipande kina alama zake. Vikikaa upande kwenye kioo, najua pa kuvirudisha. Wazo langu! Limefanya kazi mara ya kwanza.

Tunda A limetoka lote, hakuna kilichochanika. Macharia alinyoosha mgongo akatabasamu kama mtu aliyevua mzigo.

Alhamisi, 22 Agosti

B pia nzima. Macho yananiuma kwa kupanga. Trekta ni kesho.

Ijumaa, 23 Agosti

Tuko wote ofisini kwangu. Naandikia magotini kwa sababu mashine inachora na siwezi kugusa kibodi.

A ilimalizika saa tano. Hakuna bakuli. Vijipande vyekundu hapa na pale, na kuvu ya kijani imetapakaa mpaka kwenye mbegu. Dkt. Nekoye akasema, huu si mti wangu. Mkurugenzi, anayejua lipi ni lipi, hakukubali wala hakukataa.

Sasa B. Mstari kwa mstari, kutoka juu kushuka chini. Macharia ameegemea ukuta, mikono kwapani. Dereva wa mkurugenzi amechungulia mara mbili, wana mkutano Nairobi. Mara ya pili hakugeukiwa hata.

Ukingo umetokea. Mwekundu, mduara kamili. Hakuna pengo hata moja! Dkt. Nekoye amenishika bega na hajaliachilia.

"Zungusha," anasema Dkt. Wanyoike.

"Bado haijamaliza, Daktari. Kitako ndicho cha mwisho."

Amevuta kiti. Amekaa. Miguu yake bado ina udongo mwekundu wa asubuhi, nadhani alipitia shambani tena kabla ya kuja.

Pande zote mbili zinashuka. Zinakaribiana. Ngazi-ngazi, mbaya, bila pambo lolote — na ni nzuri kushinda kitu chochote nimewahi kuandika.

Nje trekta imewasili. Imesimama chini ya dirisha letu inanguruma, vioo vinalia. Kijana wa shamba amebisha, anauliza waanzie safu gani.

Dkt. Wanyoike hajatoa macho kwenye skrini.

"Mwambie azime hiyo injini," amesema. "Inatikisa meza."

Injini imezimwa. Mstari mwingine umeshuka. Mwekundu. Mwingine —