Dirisha la chumba cha mama

Swahiba, nasukuma kiti cha mama barabarani, tumeshatoka kwa mdogo wangu. Nasimama kila kona nikuandikie maana siwezi kungoja tufike.

Alituita tuone ramani ya nyumba yake mpya. Fundi akauliza madirisha yaanzie wapi kutoka sakafuni. Sebuleni, shemeji, mke wa mdogo wangu, kasema magotini, wapita njia waone makochi.

Na chumba cha mama? "Juu ya kichwa."

Juu ya kichwa! Mtu wa kiti cha magurudumu!

Nikamwambia, "Shemeji, mama ataona nini humo?"

Kajibu bila haya: "Shida si yeye kuona, shemeji. Shida ni wageni kumwona."

Wageni kumwona! Na mama kakaa pale pale! Mdogo wangu, aliyelelewa mgongoni mwa huyu mama, anakunja ramani kana kwamba hajasikia.

Mama ndiye aliyesema: "Basi chumba hicho wekeni magunia. Mwanangu, nisukume twende."

Tumefika kwa dada yetu. Mama yuko dirishani, anauliza kila anayepita ni mtoto wa nani. Nimempigia fundi, kaambiwa ajenge vilevile. Mdogo wangu hajapiga simu. Mimi nilikuwa nasafiri kesho. Begi nimelifungua.