Kadi Niliyomzika Nayo Kaka

Hili sijamwambia mtu, hata Mama. Siku tuliyomzika kaka yangu Bahati, kabla jeneza halijafungwa, nilimtilia kadi moja ndani ya koti. Kadi ya kukusanywa yenye picha ya golikipa, ile aliyoipenda kuliko zote.

Leo Jumapili. Mvua haijakatika, mtaa wetu wa Nateete wote ni matope.

Bahati alibeba mizigo hotelini Nakasero, na mgeni mmoja ndiye aliyempa kadi ya kwanza. Akaanza kukusanya kadi za makipa. Alizituma ng'ambo kwa kampuni inayozipima, inazipa alama, inazifunga ndani ya plastiki ngumu yenye namba. Namba hizo aliziandika kwenye seti yake, orodha ya kadi zake kwenye tovuti ya kampuni hiyo.

Mama alimcheka: "Weye Bahati, hizo picha utazioa?"

Siku moja nilimletea kadi mpya, safi kabisa. Akatikisa kichwa. "Iko mzuri, mdogo wangu, lakini haihesabiwi. Bila namba, kule ni mzimu tu."

Na namba moja haikai kwenye seti mbili. Wawili wakiidai, namba inamwendea anayetuma picha ya kadi na karatasi ya tarehe ya leo pembeni.

Neno lake la siri ninalo. Kila Jumapili naingia, naitazama seti yake haina pengo. Ni kama hajaondoka.

Leo nimekuta ujumbe. Mtu ameidai namba ya kipa wake.

Ile iliyo kaburini.

Nikajiambia amekosea tarakimu. Nikafungua picha aliyotuma. Ni yenyewe, na ule ufa kwenye kona ya plastiki, nilioutia mimi nilipoiangusha. Ndani ya ufa, udongo mwekundu.

Wanataka nami nitume picha. Nisipotuma, kipa anatoka kwenye seti ya Bahati. Nipige picha ya nini?

Nikaikuza picha yake. Karatasi ina tarehe ya leo. Chini ya kadi kuna kitenge cha kijani chenye ndege, pembeni kimeungua kwa pasi.

Nimekikalia sasa hivi, hapa kitandani.

Asubuhi mimi na Mama tulikuwa kanisani, mlango tumeufunga. Mama amebaki huko na kwaya. Ufunguo mmoja tunao sisi. Mwingine ulikuwa wa Bahati, na hatukuuona tena.

Nimejibu: kadi sina. Pengo limetokea, jeupe.

Kuna ndala zinakuja koridoni, polepole. Mama leo amevaa viatu vya kisigino.

Naficha ukurasa huu wa daftari. Kama ni wewe, kaka, sibishani nawe. Ni yako.