Ziwa la Magadi Halinyweki

Winfrida,

Nimeshatoka kwenda kazini. Uji uko kwenye chupa ya chai. Begi lako nimelimwaga kitandani kwa makusudi, usiniulize.

Asubuhi nilikuuliza maji ya safari yenu ya miguu kule Ziwa Natron yako wapi. Ukanionyesha kichupa kimoja! "Mama, si tunalala kando ya ziwa? Tutachota." Na baba yako akaunga mkono: "Mtoto wa Ujiji huyo, afe kiu ziwani?" Mkacheka wote wawili. Lile si Ziwa Tanganyika! Lile ni magadi, na nchi inayolizunguka ni kavu. Umekulia mahali ukiinama unachota, ndiyo maana hujui kubeba maji.

Madumu madogo yako nyuma ya mlango, yajaze. Ndala toa, weka buti na kofia. Chumvi na sukari za kuchanganya na maji jua likikuzidi nimefunga pamoja, usitupe.

Simu yako huko haitashika mtandao. Kiongozi wenu aniandikie leo mnapita wapi, mnalala wapi, na nani ana simu ya setilaiti. Asiponiandikia, ~~huendi popote~~ nitampigia mwenyewe, na hatapenda.

Jioni nikirudi utabeba begi hilo, na maji yote, kutoka hapa Kasingirima mpaka sokoni Mwanga na kurudi. Baba yako atakusindikiza kwa miguu, si anapenda kucheka.

Likikulemea, punguza nguo. Maji usiguse. Nina binti mmoja tu.

Mama