Swichi ya Ukutani kwenye Pampu ya Chovai

Jumapili, Kismayo. Joto limekaa tangu alfajiri na feni inasukuma hewa ile ile. Nimeandika sentensi ya kwanza mara tatu, nikaifuta mara tatu.

Pampu ya Chovai imeungua, na anayelaumiwa ni fundi Lali.

Aliyekosea ni mimi.

Mimi ni karani wa ununuzi katika ofisi ndogo inayopeleka vifaa visiwani. Lali alipokuwa akijiandaa kufunga pampu ya sola kwenye kisima cha kisiwa cha Chovai, aliniandikia orodha. Kwenye mstari wa swichi aliandika: iwe ya DC, umeme wa betri, volti 24. Nilizunguka maduka nusu siku nisiipate. Mwishowe nikanunua swichi nyeupe ya ukutani, ile ya nyumba zinazotumia jenereta. Ilikuwa imeandikwa volti 250, ampea 10. Nikapiga hesabu: 250 ni kubwa kuliko 24, na pampu haifiki ampea nane. Nikaridhika na akili yangu.

Lali alipoifungua alinipigia simu kutoka kisiwani. Alisema hii si aliyoomba. Niliona haya kukubali kwamba nimeamua mwenyewe, nikamwambia mhandisi wetu ameikubali.

Mhandisi hakuwa ameiona hata kwa macho.

"Wewe ndiwe uliyesoma, mwanangu," Lali akasema, akaifunga.

Jana ndipo nilipokaa nikasoma nilichopaswa kusoma kabla. Umeme wa jenereta hugeuka huku na huko, na kila unapogeuka huzimika kwa kitambo kidogo mno. Cheche inayoruka ndani ya swichi unapozima hufia hapo. Umeme wa betri haugeuki. Cheche huendelea kuwaka, hasa mota ikiwa upande wa pili, na kila mara hula chuma kidogo, hadi vipande viwili vya ndani vinagandana. Namba kubwa niliyoitegemea ilikuwa ya umeme mwingine kabisa.

Na Chovai swichi haipumziki. Tangi bado halijapandishwa, kwa hiyo wanawake hujaza ndoo moja kwa moja kutoka kwenye bomba. Hakuna anayeacha maji yakimwagika; ni aibu. Ndoo ikijaa unazima, unampisha mwenzio, naye anawasha. Ndoo kwa ndoo, kutwa nzima. Ningejua hilo kama ningeuliza. Mamangu mwenyewe alilelewa kule.

Ijumaa, Ma Mwanaesha anayetunza kisima alibonyeza kuzima. Kitufe kilishuka, pampu ikaendelea. Hakuna aliyethubutu kugusa waya. Walipotoka kuswali, kisima kilikuwa kimekauka na pampu ilikuwa inanuka moshi. Sasa wamerudi kwenye kamba na ndoo, na Ma Mwanaesha ana goti bovu.

Jana mchana mkuu wa ofisi aliwasikiliza watu wa kisiwa kwa simu, spika ikiwa imewashwa mezani. Ma Mwanaesha alisema Lali kawafungia kitu cha kuchezea watoto, na fundi wa namna hiyo akafunge redio. Watu wakacheka kule. Mkuu akasema Lali asipewe tena kazi yoyote visiwani.

Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Nikaiandika sentensi hiyo, kwa mwandiko mzuri.

Naogopa. Kazi hii ndiyo inayotuweka mjini tangu turudi kutoka Mombasa. Lakini Lali naye ana nyumba, na jina lake ndilo duka lake.

Nilifikiri kuandika hapa kungenipunguzia uzito. Lali hasomi blogu. Hii si toba, ni kujificha mahali penye mwanga.

Kwa hiyo nimempigia. Nilimweleza yote kabla salamu hazijaisha.

"Kaseme mbele ya wachu," akasema, yaani mbele ya watu wote. "Mimi nalijua ni wewe tangu nilipoifungua."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nimemwandikia mkuu ujumbe: swichi niliichagua mimi, na niliposema mhandisi ameikubali nilidanganya. Nimeomba nafasi kwenye boti ya Chovai kesho asubuhi, nikayaseme hayo kisimani kwa mdomo wangu. Nimetuma kabla mkono haujabadili nia.

Ameusoma. Hajajibu. Boti nitaipanda, sijui kama karani au kama abiria tu.