Mtungi wa Sikukuu ya Perpetua

Kwako mama yangu, uliyelala kaburini Moding,

Leo ni sikukuu ya msimamizi wako, Mtakatifu Perpetua, na nimeutoa mtungi nje kama ulivyokuwa ukifanya. Umekaa mlangoni pa ofisi ya forodha hapa Malaba, chini ya bendera yetu mpya, na juu yake kuna kata yako ile ile ya kuchotea.

Unakumbuka? Tulikuwa tukitoka Misa, unaujaza maji ya kisima na kuuweka kando ya njia. Kila mpita njia alikunywa, hata yule jirani ambaye ng'ombe wake walimaliza mahindi yetu. Nilipokunja uso, ulininong'oneza, "Leo hatuchagui mtu. Mpe."

Kisha ulitusimulia. Perpetua, binti wa Afrika, mama kijana mwenye mtoto mchanga. Babaye alimsihi aikane imani apone, naye akamwonyesha chombo cha maji pale chini: kama hicho hakiwezi kuwa kitu kingine, yeye naye hawezi kuwa ila Mkristo. Watawala wakawatupia ng'ombe mkali, yeye na Felista, kijakazi aliyejifungulia kifungoni. Perpetua akainuka, akampa Felista mkono.

"Hakuogopa?" nikauliza, mimi niliyekimbia hata bata mzinga wa katekista.

"Aliogopa sana, baba. Giza la gereza lilimtisha. Lakini alisema kweli hivyo hivyo, akiogopa."

Mama, juma lililopita bwana mkubwa wetu alirudisha gari nyuma, akauvunja mti wa kizuizi. Polisi alipofika, bwana mkubwa akamnyooshea kidole dereva wa lori aliyekuwa akingoja kuvuka kwenda Uganda.

"Mzee, hiyo mti mimi sijagusa!" dereva akapiga kelele. "Lori ilikuwa imezimwa, mimi nakula muhogo!"

"Nyamaza. Karani wangu aliona. Karani, mwambie afande."

Ni kweli niliona, nilikuwa dirishani. Niliiona kazi yangu ikienda, na wadogo zangu wakirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo. Pembeni mwa ofisi kulikuwa na mtungi wa ofisi wa maji ya kunywa. Nikautazama.

"Si lori, afande," nikasema, sauti nyembamba kama ya mbuzi. "Ni gari letu."

Dereva alicheka huku machozi yakimtoka. "Wewe karani, unatetemeka kama kuku ya mvua, lakini umesema!"

Tangu siku hiyo bwana mkubwa hajanisemesha. Sijui kama nitahamishwa au nitafukuzwa, na bado naogopa. Lakini nashukuru, mama. Ungenipa mtakatifu asiyejua hofu, ningemsifu kutoka mbali tu. Ulinipa anayenifaa.

Asubuhi hii wamekunywa madereva, mataniboi wao wa kupakia mizigo, na wanawake wanaovuka na ndizi kichwani. Halafu bwana mkubwa akatoka, akasimama mbele ya mtungi.

"Hii maji ni ya nani?"

"Ya yeyote, bwana."

Nikamchotea. Maji kidogo yakamwagikia kiatu chake. Akanywa yote, taratibu, akanirudishia kata.

"Ni baridi," akasema. Hilo tu. Akaingia ndani.

Pumzika, mama. Jua likizama nitauinamisha mtungi niuoshe, niuweke tayari kwa mwaka ujao, popote nitakapokuwa.

Ni mimi mwanao, mwoga wako yule yule.